Mtumbwi Namba Kumi na Saba Haujitoi

Hivi wewe umewahi kukaa siku mbili nzima kwenye mtumbwi mmoja na mama mkwe wako, magoti yamekunjwa, mgongo unawaka moto, na pa kuondokea hapana? Kama hujawahi, basi bado hujaujua uvumilivu. Wanawake wawili wa mtumbwi namba kumi na saba walikuwa wamefanya hivyo, wakafika kambi ya pili wakiwa wa kwanza kati ya mitumbwi thelathini na moja, na asubuhi iliyofuata wakaamshwa kwa kuitwa wezi.

Sajini wa kituo kidogo cha polisi cha mtoni aliingia kwenye hema la kamati saa kumi na mbili na nusu, chai hata haijachemka. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa maneno, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu, kwa hiyo kila akikaa alilinyoosha mbele kama mtu anayetaka kumkwaza mwenzake. Ndani ya hema palikuwa na meza ya kukunja, viti vinne vya plastiki, na kamba iliyoanikwa soksi mbili zisizofanana. Mwenyekiti wa mashindano, mtu mnene wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni, alikuwa tayari amesimama.

"Afande, hii kesi nyepesi," alisema. "Tunataka tu uandike, wasaini, mambo yaishe kabla watu hawajaamka wote."

"Niandike nini?"

Mwenyekiti akafungua daftari. Sasa, ili uelewe, mto ule ukifika mahali waendeshaji wanapopaita Kiwiko unajikunja kama mkono. Unakwenda mbali sana, kisha unarudi karibu pale pale ulipoanzia. Kukizunguka Kiwiko chote ni kazi ya saa nzima na ushee, hata kwa mabega ya chuma. Lakini pale maji ya juu yanapokaribia kuyagusa maji ya chini, katikati pana ukanda wa nchi kavu, na mtu akiamua kuuburuta mtumbwi wake juu ya nyasi, anauvuka kwa dakika kumi. Ndiyo maana kwenye ncha ya Kiwiko kamati imeweka kituo cha nne. Karani anakaa pale chini ya turubai, kila mtumbwi unapiga kelele ya namba yake, karani anajibu kwa filimbi na kuandika namba na saa. Asiyeandikwa pale amekata njia.

"Jana ilipita mitumbwi thelathini," Mwenyekiti alisema, akigonga ukurasa. "Imeandikwa yote. Kumi na saba haimo. Na ndio waliofika wa kwanza! Bibi wa miaka hamsini na nane na mke wa mwanawe. Afande, wewe mtu mzima."

"Aliyeandika ni nani?"

"Shemeji yangu. Miaka sita karani wa kituo cha nne. Huyo hakosei."

Wanawake wenyewe walikuwa wamesimamishwa mlangoni. Mkubwa alikuwa fundi cherehani, mjane, mfupi, kifua kipana kama mlango wa duka, khanga kaifunga kiunoni kwa fundo la mtu asiyetaka kusumbuliwa. Nyuma yake alisimama mkamwana wake, mrefu, mwembamba, viganja vyote viwili vimefungwa vitambaa, macho chini.

Mwenyekiti alisukuma karatasi mezani. "Mama Fundi, hii ni fomu ya kujitoa kwa hiari."

"Kwa hiari ya nani?"

"Mama, ukisaini yataisha kimya kimya."

"Mimi sikuja hapa kimya kimya. Nimekuja napiga kafi siku mbili, watu wa kando zote mbili za mto wamenisikia. Nitaondokaje kimya kimya?"

"Hutaki kusaini?"

"Nimeshona sare za shule tatu, nguo za harusi sijui ngapi, na mkono wangu haujawahi kutetemeka. Ukiniona natia saini hapo, jua nimekufa na kuna mtu ananishika mkono."

Sajini alikohoa kuficha kicheko. Akamgeukia mdogo. "Na wewe, binti? Mlizunguka Kiwiko?"

Mkamwana alimtazama mama mkwe wake kwanza. "Ndivyo alivyosema mama."

"Mama bado hajasema."

"Basi atasema," binti alijibu, na macho yakarudi chini.

"Tulizunguka chote," alisema Fundi. "Tuliita namba mara tatu, hatukujibiwa. Sheria yenu inasema ukiita mara tatu usijibiwe, endelea. Tukaendelea."

Sajini aliuliza siku ya tatu inaanza saa ngapi. Saa nne kamili, akaambiwa, si alfajiri kama jana, na kila mtumbwi unaanza na muda wake wa jana. Namba kumi na saba walikuwa wamefika dakika kumi na nne mbele ya namba nane, kwa hiyo wao ndio wangetangulia peke yao, na namba nane wangesubiri dakika hizo kumi na nne zipite. Kama saa nne itafika na kesi haijaamuliwa, kumi na saba hawaanzi. Hapo hakuna rufaa, mto haurudishwi.

"Nipe daftari la kituo cha tatu," alisema Sajini. "Kile cha kabla ya Kiwiko."

Alilisoma huku kidole kikitembea juu ya mistari. Alikuwa msomaji wa polepole, na alikuwa haoni haya. "Kituo cha tatu, kumi na saba wamepita wakiwa dakika kumi na mbili mbele ya namba nane. Kambini wamefika dakika kumi na nne mbele. Kumbe huko kote katikati walijiongezea dakika mbili tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu aliyekata njia ya saa nzima, hiyo saa kaipeleka wapi?"

Mwenyekiti alifikiri kidogo. Hakuwa mjinga. "Walijificha kichakani. Wakakaa saa nzima, wakatoka muda unaofaa, ili wasishukiwe."

"Nijifiche kichakani na huyu?" Fundi alidakia. "Saa nzima? Tukizungumza nini?"

Hilo lilikuwa jibu zuri, lakini haliandikiki kwenye ripoti. Sajini akaomba pikipiki.

Kutoka kambini hadi kwenye ukanda si mbali, robo saa kwa miguu, dakika chache kwa pikipiki. Mwenyekiti aliendesha, Sajini nyuma yake na goti lake limechomoza pembeni. Walipofika, hata kutafuta hawakutafuta. Mkwaruzo ulikuwepo, upana wa mtumbwi, umepita katikati ya nyasi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Na kwenye mzizi uliotokeza ardhini palikuwa na rangi ya kijani, mbichi, imebanduka kama ganda la yai.

"Ahaa!" Mwenyekiti akapiga makofi mara moja. "Mtumbwi wa kumi na saba una rangi gani, Afande?"

"Kijani."

"Kesi imekwisha. Twende tukanywe chai."

Sajini hakuondoka. Aliteremka taratibu, goti zima kwanza, bovu baadaye, akaweka kiganja juu ya nyasi. Akasogea hatua mbili, akaweka tena. Akasogea tena. Alifanya hivyo ukanda mzima, kutoka maji ya chini hadi maji ya juu, mpaka Mwenyekiti akaanza kuangalia saa yake kwa sauti, yaani kwa kuguna. Kwenye tope la kando ya mkwaruzo palikuwa na alama za buti za mpira. Jozi moja tu. Visigino vilikuwa vimezama sana, vidole havikuzama kabisa. Sajini alitoa kipande cha rangi kwenye mzizi kwa ncha ya kisu, akakifunga kwenye karatasi, akaandika juu yake mahali na saa.

"Mwenyekiti, waendeshaji wako wanavaa viatu mtumbwini?"

"Viatu? Wateleze wafe? Wanakaa miguu mitupu."

"Haya. Sasa nipeleke kwenye ncha ya Kiwiko."

"Kufanya nini tena?"

"Kunywa hewa."

Kituo cha nne kilikuwa kitupu asubuhi ile, turubai limekunjwa, alama za miguu minne ya meza mchangani. Lakini hatua hamsini mbele yake palikuwa na mchimba mchanga, amesimama majini mpaka kiunoni, anachota mchanga kwa ndoo yenye matundu na kuumimina kwenye lundo ukingoni. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wenzake walio ng'ambo.

"Jana asubuhi ulikuwa hapa, kaka?" Sajini aliuliza.

"Niko hapa kila siku. Mchanga hauna Jumapili."

"Kuna mtumbwi wa wanawake wawili ulipita?"

"Ulipita? Mimi niliusikia kabla sijauona! Yule mkubwa anafoka, 'Punguza, wewe! Unakimbizwa na nani? Wa tatu inatutosha! Watasema tuna pupa!' Na mdogo hajibu kitu. Kimya kama kisiki. Ila kila akiambiwa punguza, ndiyo kwanza kafi linazama zaidi. Mtumbwi unaruka! Nikasema, leo huyu mama atafikishwa asikotaka."

"Wakafanya nini kituoni?"

"Wakaita. Kumi na saba, kumi na saba, kumi na saba. Turubai limefungwa, hakuna filimbi wala nini. Mkubwa akaniuliza, eti, 'Baba, huyu mtu yuko wapi?' Nikamwambia sijamwona. Wakaenda zao."

"Karani alikuwa ndani ya turubai," alisema Mwenyekiti.

"Kama alikuwa ndani basi alikuwa maiti. Nani asisikie ile sauti?"

"Ilikuwa saa ngapi?" Sajini akauliza.

"Saa sina. Lakini lori langu huja saa tatu kasoro dakika kumi juu ya alama, na lilikuwa halijaja. Walipopotea tu nikasikia honi, nikapanda juu kupakia. Kilichotokea huku nyuma sikijui."

Mwenyekiti alimvuta Sajini pembeni, lakini kwa sauti ya kumfanya mwingine asikie. "Afande, utachukua neno la mchimba mchanga uliweke juu ya daftari la kamati? Huyu unampa soda tu anakuimbia wimbo wowote."

"Mzee!" mchimba mchanga akaita kutoka majini. "Daftari lako jana lilikuwa wapi? Mimi nilikuwa hapa!"

Sajini aliandika maneno yake yote, akamsomea, akamwomba aweke dole gumba. Mchimba mchanga alikataa dole, akaandika jina lake kwa herufi kubwa na mkono uliolowa, karatasi ikachafuka kidogo. Chini yake Sajini akajiandikia mawili: lori kufika saa tatu kasoro dakika kumi, na, kwa daftari la kituo cha nne, karani kuandika namba nane saa tatu na dakika nne. Akalipigia mstari hilo la mwisho, halafu akarudi kwenye pikipiki.

Walipofika kambini ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Waendeshaji walikuwa wanafunga mizigo, wengine wanajipaka mafuta mabegani, na watu wa namba nane, kaka wawili wenye fulana zinazofanana, walikuwa wanacheka kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida. Fundi na mkamwana wake walisimama kando ya mtumbwi wao. Hakuna aliyewasogelea.

"Mama Fundi," alisema Sajini, "naomba tuupindue."

Mwenyekiti akawahi kushika upande mmoja, hamu imemjaa. Wakaupindua. Ubavuni ulikuwa wa kijani, kijani kile kile. Lakini tumbo lilikuwa mbao tupu, laini, linang'aa kama sakafu iliyosuguliwa.

"Chini hamkupaka rangi?"

"Rangi chini?" Fundi alimtazama kama mtu aliyeuliza kama shati hushonewa mifuko mgongoni. "Afande, rangi tumboni inashika maji. Ikigusa jiwe inachubuka, halafu pale palipochubuka ndipo mto unapokukamata, unasikia kabisa mtu anakuvuta. Sisi tunasugua nta ya mshumaa, nta juu ya nta, wiki nzima. Nenda kapindue mitumbwi yote ya mashindano. Ukikuta hata mmoja una rangi tumboni, hiyo fomu yenu nitaisaini kwa mikono yote miwili."

Sajini alipindua mitano, akiwasumbua wenyewe wanaofunga kamba. Mitano yote mbao na nta. Kaka wa namba nane waliacha kucheka wakasogea kutazama, na mmoja wao akasema kwa haki kabisa, "Hakuna anayepaka huko chini. Labda mwenye mtumbwi wa kuvulia samaki."

"Au wa kusafiria," alisema Sajini. "Mwenyekiti, shemeji yako alikwendaje kituoni jana?"

Karani alikuwa anakula, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, buti za mpira miguuni. Alikuwa kijana wa miaka arobaini hivi, masharubu yamechongwa vizuri. Mtumbwi wake ulikuwa hatua kumi kutoka pale, wa kijani, kama ilivyo nusu ya mitumbwi ya mto ule, maana rangi ile ndiyo iliyokuwa dukani.

"Jana ulifika kituoni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu, Afande. Kama kila mwaka."

"Ukitokea hapa kambini?"

"Hapa hapa."

"Kwa mtumbwi huu, ukapanda mto mpaka ncha ya Kiwiko?"

"Ndiyo."

"Njia nzima, dhidi ya maji, peke yako?"

"Kazi ni kazi," alisema Karani, akimeza.

"Hebu nyosha viganja."

Karani alivinyosha. Sajini akamwita mkamwana wa Fundi, akamwomba afungue vitambaa vyake, akaiweka mikono yao sambamba. Ya binti ilikuwa imechubuka mpaka nyama nyekundu. Juu ya ile ya Karani ungeweza kumlaza mtoto mchanga.

"Pindueni huu."

Tumbo lilikuwa la kijani, na katikati yake mstari mrefu umechubuka, na ndani ya mstari nyuzi nyeupe za mzizi. Sajini akafungua karatasi yake, akakiweka kile kipande cha rangi palipobanduka. Kikakaa kama kifungo kwenye tundu lake.

"Shemeji," alisema Mwenyekiti pole pole, "usiseme kitu kwanza."

"Basi nitasema mimi," Sajini alimjibu. "Anayekata njia kwenye mashindano anatoka maji ya juu anakwenda maji ya chini. Mtu akiburuta kitu kizito, nyasi zinalala kuelekea anakokwenda. Nimezishika kwa mkono ukanda mzima. Zimelala kuelekea juu. Huyu mtu alitoka chini, huku kambini, akaenda juu. Alikuwa peke yake, anavuta huku anarudi kinyumenyume, ndiyo maana visigino vimezama. Sasa nani anataka kwenda juu siku ya mashindano? Mtu aliyechelewa kazini. Kupanda mto mpaka ncha ya Kiwiko ni zaidi ya saa nzima ya jasho. Lakini ukivuka ukanda, ukauingiza mtumbwi maji ya juu, unakaa, unakunja mikono, mto unakupeleka mwenyewe."

Karani alikiweka kijiko chini.

"Ulifika saa ngapi?" Sajini aliuliza tena, kwa upole ule ule wa mwanzo.

"Saa tatu kasoro kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Dakika tano. Afande, mwaka jana wa kwanza alipita saa tatu na robo! Nikajiambia nimewahi. Nilipofika pametulia, maji yametulia, nikajua hakuna aliyepita. Nani angepita mapema hivyo? Sikudhani... mama wa umri ule..."

"Malizia," alisema Fundi. "Umri upi?"

Karani akajipangusa masharubu, na Sajini akaendelea.

"Na jioni ulipoona wamefika na hawamo daftarini mwako?"

"Niliogopa. Huyu," alimwonyesha Mwenyekiti kwa kidevu, "alisema mwaka huu atakayechelewa kituoni asiikanyage kamati tena, awe ndugu asiwe ndugu. Nikasema labda watasaini tu. Wanawake wawili, watasaini, yataisha."

Sajini alikaa juu ya ile ndoo, akanyoosha goti, akaandika. Aliandika kurasa mbili, bila haraka, huku kambi nzima ikiwa imekusanyika kama watu wanaosubiri mkate kutoka tanuri. Akamsomea Karani, Karani akasaini. Akampa Mwenyekiti, naye akasaini, shati lake jeupe limelowa mgongoni. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

"Namba kumi na saba wanaanza," alisema Mwenyekiti. Kisha akajikuna shingo, akashusha sauti. "Ila, Mama Fundi, tusaidiane. Watu wameshaongea sana. Zile dakika kumi na nne tuziache. Muanze pamoja na namba nane, bega kwa bega, asiwepo wa kunung'unika. Mtakuwa mmeonyesha ukubwa."

Tangu alfajiri Fundi alikuwa amesimama kwa miguu ile ile, na sasa alionekana ameshika nyonga yake kwa mkono mmoja. Aliwatazama watu wote wale. "Nilichotaka nisiitwe mwizi," alisema. "Siitwi tena. Basi haya, si neno, tutaanza na—"

"Hapana."

Wote waligeuka. Sajini aliacha kufunga daftari lake. Mkamwana alikuwa anajifunga vitambaa vyake upya, anavuta fundo kwa meno, na alipomaliza aliinua macho, akamtazama Mwenyekiti, halafu mama mkwe wake, na safari hii hayakurudi chini.

"Dakika kumi na nne ni zetu, na wewe Mwenyekiti huna za kugawa. Tunaanza peke yetu, saa nne kamili, wao wasubiri." Aliyasema bila kushusha sauti. "Na wewe mama, tafadhali, leo usiniambie nipunguze. Mwanzo uliniambia kumaliza kunatosha. Jana ukaniambia wa tatu inatutosha. Mimi haijanitosha hata siku moja, ila nilikuwa nakuheshimu nikanyamaza. Nataka tushinde, mama. Ndicho nilichotaka tangu tulipoanza kuusugua mtumbwi huu."